Kitanda cha Chuma cha Baridi

Wastaafu wote huanza kwa kukohoa, kwa hiyo nami nakohoa. Khuu! Sasa nyamazeni, nyinyi mlioingia Kidato cha Kwanza juzi na soksi zenu nyeupe, mumsikilize mtu aliyekula vumbi la chuma.

Nimestaafu kazi ya vyuma nikiwa na miaka kumi na saba. Mnacheka nini? Babu yangu alinishinda, yeye alianza kupumzika kabla hajaanza kazi. Mimi nimetumikia karakana ya Fundi Selemani hapa Kibiti likizo zote na Jumamosi zote, tangu nikiwa mdogo kama nyinyi, mpaka mwalimu mkuu aliponiita ofisini na kuniambia nichague kati ya Fizikia na jenereta. Nikastaafu. Saa ya ukutani sikupewa. Nilipewa kovu la goti, pamoja na elimu hii ninayowagawia bure, maana najua mtakuja kununua chuma na mtauziwa upuuzi.

Zamani, wanasema kaka zetu, ukitaka kipande cha chuma unapeleka maombi wilayani Utete, unasubiri kibali hadi unasahau ulitaka kutengeneza nini. Siku hizi biashara ni ruksa. Lori linatoka Dar limejaa vyuma kutoka nchi ambazo hata mwalimu wa Jiografia anazitafuta kwenye ramani kwa kidole, na kila mwenye duka la sabuni anauza nondo pembeni ya sabuni. Anayejua anachouza hakuna. Ndiyo maana Fundi Selemani alikuwa mtu wa maana. Yeye alifanya kazi Dar, kwenye kiwanda cha kuvingirisha chuma, hadi kiwanda kilipouzwa na watu wakapunguzwa. Akarudi kwao na jenereta, mashine ya kuchomea na ugonjwa mmoja: hawezi kuona kitu kimepinda akanyamaza. Kuna siku alimkatiza mtu katikati ya rambirambi ili amwambie kofia yake imelala upande.

Somo langu la kwanza alinifunga macho kwa kitambaa cha grisi, akaniwekea vyuma viwili mbele.

"Shika. Kipi ni kipi?"

"Vyote vyuma, Fundi."

Nikala kofi la kisogo, la upole, la vipimo. "Shika kama unachagua samaki, bwege, siyo kama unampa mkono mgeni."

Nikapapasa. Kimoja kinakwaruza, kina magamba membamba, pembe zake butu kama sabuni iliyotumika. Mkono ukatoka na unga wa kijivu. Cha pili kinateleza kwa mafuta, laini kama shavu la mtoto, pembe zake kali. Najua kwamba ni kali kwa sababu kidole kilianza kutoka damu.

"Hicho kilichokukata ndicho cha baridi," akasema Fundi kwa furaha, kana kwamba chuma kimefaulu mtihani.

Halafu akanieleza kwa ugali, na mimi nawaeleza hivyo hivyo, sijaona maelezo bora. Chuma kinapikwa hadi kinang'aa, kinapitishwa kati ya rola mbili kubwa. Kikiwa cha moto kinakuwa kama ugali uliotoka jikoni: ukiukandamiza kwa mwiko unakwenda utakako. Lakini ukipoa unanywea, na juu unafanya ukoko. Kwa hiyo chuma kilichovingirishwa kikiwa cha moto kina magamba, na kipimo chake ni cha kukadiria. Kinafaa mageti, mapaa, kila kitu ambacho hakuna atakayekipima. Sasa chukua ugali ule ule ukiwa umeshapoa, ukwangue ukoko, uukandamize tena kwa nguvu zako zote. Unapata kitu laini, kigumu, kipimo chake hakidanganyi. Hicho ni chuma kilichovingirishwa kikiwa baridi.

"Lakini kina hasira," akasema Fundi.

"Ugali?"

"Chuma! Kimebanwa chenyewe hakitaki. Hasira imo ndani, imetulia. Ukikitia moto kinaiachia yote, na ugumu wake unaondoka nayo. Hapo kitajikunja kinavyojua chenyewe."

Mambo mengine shikeni njiani. Cha moto kikwangue magamba kabla ya kupaka rangi, la sivyo rangi itabanduka na magamba yake na wewe utasingizia rangi. Cha baridi usikifute mafuta halafu ukakiacha. Ukikipeleka Salale kule kwenye maji ya chumvi bila rangi, kinaota kutu hujamaliza kuwaamkia wenyeji. Na usikalie ukingo wake. Mimi niliukalia siku ya Jumamosi, na suruali ikafunguka nyuma kutoka mshipi hadi nusu ya safari. Nilirudi nyumbani kinyumenyume, nikiamkia watu: shikamoo, shikamoo. Watu wakanisifu kwa adabu.

Sasa tuje kwenye neno lenyewe, maana neno ndilo lililotaka kuvunja ndoa.

Fundi aliniambia nimwandikie tangazo ukutani, kwa kuwa mwandiko wangu ni mzuri. Akanisomea kwa sauti ya mahakamani: "Hapa tunatengeneza vitu vya chuma kilichovingirishwa kikiwa cha moto na chuma kilichovingirishwa kikiwa kimeshapoa." Nikautazama ukuta, nikaitazama rangi iliyobaki kwenye kopo. Ukuta mfupi, rangi kijiko. Nikafupisha kitaalamu:

CHUMA CHA MOTO NA CHA BARIDI KIPO

Nikarudi nyuma, nikatikisa kichwa kwa kujipenda. Fundi akakagua herufi kama zimenyooka. Zimenyooka. Akaridhika.

Ila mlango wa pili kutoka kwetu kuna duka la soda, nalo limeandikwa SODA MOTO NA BARIDI. Mnaijua lugha ya pale. Ukisema "ya baridi" unapewa iliyotoka kwenye friji la mafuta ya taa, ukisema "ya moto" unapewa iliyotoka kwenye kreti. Basi watu wa Kibiti wakasoma soda, wakasoma chuma, wakajumlisha.

Wa kwanza kuja alikuwa Mama Neema, muuguzi aliyehamia kutoka bara. Alitaka karai la chuma cha moto.

"La kukaangia, mama?"

"Ndiyo. Nimechoka na mkaa. Nataka nianze na karai lenye moto wake."

"Mama, hata cha moto kinataka moto."

"Sasa mmeandika nini ukutani?"

"Kilikuwa cha moto, mama. Zamani."

"Kama mume wangu," akasema Mama Neema, akaenda zake.

Huyo alikuwa mzaha. Wa pili alikuwa Mzee Kiwambo wa Salale, na hapa muache kutafuna karanga, kwa sababu Mzee Kiwambo ndiye baba yake Mwanahawa, na Mwanahawa ndiye mchumba wa Fundi Selemani.

Mwanahawa alikuja karakana mara moja tu kutengenezewa bawaba ya sanduku. Alipokuwa akisubiri akatazama juu, akasema, "Fundi, nguzo yako ya kati imekwenda kushoto." Fundi akapima. Ilikuwa imekwenda kushoto, na yeye hakuwahi kuiona. Alikaa chini. Tangu siku hiyo akawa hali vizuri. Akapeleka posa Salale, posa ikapokelewa, harusi ikapangwa Ijumaa baada ya mavuno ya mpunga, na Fundi akaanza kutengeneza kitanda cha harusi kwa mikono yake.

Mzee Kiwambo yeye alikuwa ananunua kamba kule kwenye mikoko na kuwapeleka kwa matajiri wa Dar. Shida yake ilikuwa barafu. Barafu inatoka Dar ikiwa jiwe, ikifika Salale ni maji ya kunawa. Akaja kumsalimia mkwewe mtarajiwa, akasoma ukuta, macho yakamtoka.

"Selemani, mwanangu, nitengenezee sanduku kubwa la kamba. Chuma cha baridi kitupu."

"Umechagua vizuri, baba. Kwa sanduku hakuna kingine."

"Cha baridi kabisa?"

"Kabisa. Kwa cha baridi, mfuniko unakaa sawasawa, hauachi upenyo."

"Na hiyo baridi yake, inakaa muda gani?"

Fundi, ambaye siku nzima alikuwa akingoja mtu wa kumuuliza swali la maana kuhusu chuma, akaweka tupa chini. "Usipokitia moto, baba, inakaa maisha."

Wadogo zangu, kila mtu hapo alisema kweli. Sanduku lilipokamilika, Mzee akaondoka nalo. Akajaza kamba, hakuweka hata punje ya barafu, akafunga, akapanda boti la abiria akiimba. Jua likafanya kazi yake na mfuniko ukafanya yake. Boti lilikuwa halijamaliza mikoko pale Mzee alipofungua achungulie. Abiria walishuka majini na mizigo yao kichwani, wakasema watatembea kwenye tope, tope lina nafuu.

Hayo sisi hatukuyajua. Sisi tulikuwa tunang'arisha kitanda.

Kitanda kile kilikuwa kizuri hadi kinatia aibu kukitazama. Chuma cha baridi kitupu. Matendegu manne yamesimama kama askari wa gwaride, mifumbati ya ubavuni imenyooka, vyuma bapa vya kukingama vimepangwa ungedhani vimezaliwa pamoja. Fundi alikuwa akikipita anakitolea kofia.

Jumatatu ya wiki ya harusi akaja Bi. Pili, dada yake Mzee Kiwambo. Kwa Mwanahawa yeye ni shangazi, na tena ndiye kungwi wake: ndiye anayemfunda mwari ndani, ndiye anayekagua chumba cha maharusi, na akisema hapana, hata sheikh anafunga kitabu. Alikuja na akina mama wawili wa kumwitikia.

"Shikamoo, shangazi," akasema Fundi akiwa amesimama kama tendegu la tano.

"Marahaba, mwanangu. Hebu nione." Akakizunguka kitanda. Akakitingisha, hakikutingishika. "Maashallah. Kizuri. Chuma gani hiki?"

Fundi alikuwa anafungua mdomo. Mimi nikawahi kwa fahari ya taifa zima: "Cha baridi, shangazi! Baridi tupu, hakuna hata kipande cha moto!"

Akina mama wawili wakashika vifua. Bi. Pili akaweka kiganja juu ya mfumbati, akakiondoa haraka.

"Ni baridi kweli," akasema polepole. "Wee Selemani. Mie mwari wangu nimemfunda, nimemsinga liwa, nimemfukiza udi, nije nimlaze kwenye baridi?"

"Shangazi, ni jina tu. Ni sawa na ugali. Ukishapoa, ukaukandamiza tena..."

"Kiporo!" akapiga kelele Bi. Pili. "Jamani njooni msikie! Anamlaza mwari wangu juu ya kiporo!"

"Kiporo!" wakaitikia wale wawili.

Ndipo ikaingia harufu. Baada ya harufu likaingia sanduku, juu ya mkokoteni. Baada ya sanduku akaingia Mzee Kiwambo mwenyewe na kitambaa puani.

"Selemani! Iko wapi baridi? Nionyeshe kwa kidole! Nimelifungua, nimeingiza mkono, nimeingiza kichwa. Baridi hakuna! Chuma chako hakina baridi hata ya kumpoza nzi!"

"Kina baridi," akasema Bi. Pili. "Nimekishika sasa hivi."

"Hakina, dada! Nina ushahidi wa kunuka!"

"Kina! Nimlaze mtoto wako humo apate homa ya kifua, mume amgeuzie mgongo mpaka kiama?"

"Kingekuwa na baridi ningekuwa Dar nahesabiwa tajiri!"

Mngemwona Fundi. Akisema chuma kina baridi, shangazi anavunja harusi. Akisema hakina, baba mkwe anamwita tapeli, na harusi inavunjika vile vile. Akijaribu kueleza, inatoka ugali, na ugali wameshaukataa. Akawa anageuza shingo huku na huku.

"Mwanahawa mwenyewe anasemaje?" akauliza mwishowe, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia ikitoka kwake.

Bi. Pili akabinua mdomo. "Ati yeye hata akilazwa juu ya mkeka sawa, mradi mume ni wewe. Mtoto yule hajui asemalo. Nshasema mie: kitanda kiwe cha moto, au Ijumaa hakuna ndoa, na mwari simtoi Salale."

Hapo ndipo ubongo wangu, ambao mwalimu wa Fizikia anausema vibaya kila Jumanne, ulipofanya kazi.

"Shangazi," nikasema, "tukikitia moto si kitakuwa cha moto?"

Wote wakanitazama. Fundi akanishika sikio, akanivuta hadi nyuma ya jenereta.

"Umesahau nilichokufundisha? Kikipata moto kinaachia kila kitu. Kitalegea. Kitapinda!" Neno la mwisho alilitamka kama mtu anayetaja ugonjwa.

"Kitapinda, Fundi. Lakini utaoa."

Niliona kabisa anavyopima: upande huu kitanda kilichonyooka, upande ule mwanamke aliyeona nguzo imekwenda kushoto. Akarudi mbele za watu, akaniambia, "Shabani, leta mkaa."

Tukaleta mkaa, tukaleta vifuu vya nazi, tukatandaza chini ya kitanda, tukawasha, nami nikavuta mivuo ya kupulizia moto. Kibiti nzima ikaja. Muuza soda akafunga duka. Mzee Kiwambo akavuta kigoda mbele kabisa. "Nikae hapa niione hiyo baridi ikitoka," akasema, "maana mimi sikuiona ikiingia."

Vyuma vikaanza kubadilika: rangi ya majani makavu, kisha zambarau, kisha weusi, kisha wekundu ukachomoza katikati. Halafu tukasikia, ting, kama mtu anajinyoosha mgongo. Chuma bapa cha kwanza kikazama katikati. Ting, cha pili. Vikazama vyote, kimoja baada ya kingine, mpaka kitanda kikafanya mtaro kutoka kichwani hadi miguuni. Hasira yote ikatoka mbele ya watu. Fundi alikuwa amefunika uso kwa mikono, lakini alikuwa anachungulia.

Kikapoa. Kikabaki cheusi, chenye magamba, kinakwaruza, mtaro katikati. Mtu angeuliza chuma gani, hata mimi ningesema cha moto. Hakuna aliyecheka kwa sauti, kwa sababu Bi. Pili alikuwa hajasema. Alikizunguka mara ya pili. Akashika magamba, akanusa vidole. Akaagiza godoro litandikwe, na nazi mbili.

Akaweka nazi moja ukingo huu, nyingine ukingo ule, akaziachia.

Zikabingirika, zikakutana katikati. Ko!

Bi. Pili akazitenganisha, akaziweka mbali kabisa, pembeni mwa pembeni. Akaachia. Ko!

Alipiga kigelegele ambacho nadhani kilisikika Nyamwage, ng'ambo ya mto. "Hiki ndicho! Hata wagombane vipi, watagombana wakiwa wamekumbatiana! Selemani, mwanangu, kumbe unajua kutengeneza kitanda, ulikuwa unatuficha tu!"

Fundi akasema kwa unyonge, "Naweza kukinyoosha, shangazi."

"Thubutu!"

Bado Mzee Kiwambo, aliyekuwa amekaa na uso wa mahakama. Bi. Pili akamgeukia, akamwuliza hilo sanduku si linafunga hata harufu ilishindwa kutoka mpaka alipolifungua? Basi panya ataingilia wapi? Alioshe kwa majivu na ndimu, atie mpunga. Mzee akafikiri, akalipiga sanduku kofi la kulisamehe. "Lakini baridi hakina," akasema.

"Hakina, baba," akajibu Fundi, na shangazi safari hii hakubisha, kwa kuwa mbele ya macho yake baridi ilikuwa imeshatolewa.

Ijumaa ndoa ikafungwa. Pilau nilikula ya watu watatu, mmoja wao akiwa Mzee Kiwambo, ambaye alikuwa anashughulika kuwaeleza wageni jinsi baridi inavyotolewa kwenye chuma.

Wiki iliyofuata nilifungua karakana peke yangu asubuhi, na asubuhi iliyofuata, na ile nyingine. Fundi Selemani, mtu ambaye jua lilikuwa linamwuliza yeye lichomoze saa ngapi, alikuja adhuhuri, shati limefungwa vifungo upande, naye hajaona.

"Shabani, niazime nyundo."

"Ya nini, Fundi?"

"Ya kukinyoosha kile kitanda. Siwezi. Nimevumilia, nimeshindwa."

"Yako iko wapi?"

Akatazama chini, akachora kitu vumbini kwa ncha ya kiatu.

"Mwanahawa ameilalia."

"Si uende ukaichukue?"

"Nimekwenda," akasema Fundi. "Kila nikiifuata, nabingirika."